Akupancha ukiwa mjamzito: mwongozo kamili kwa mama wa Nairobi kabla hajalala kitandani

Wiki ya 27 ya mimba yangu ya pili nilishindwa kushuka matatu. Mguu wa kulia uligoma kuinuka. Kila nilipotenganisha mapaja, kinena kiliwaka kama kinapasuliwa. Makanga akanishika mkono, "Pole pole, mathe," na abiria wote wa Ngong Road wakasubiri. Jioni hiyo mwenzangu wa kazini akanisimulia habari za Wachina wa Kilimani wanaodunga sindano. Mamangu alipoisikia kwa simu kutoka Machakos alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sindano, na hiyo mimba?"

Swali lake lilinituma kusoma na kuulizia kwa wiki mbili. Nilichotoka nacho ni kwamba sindano yenyewe ndiyo sehemu ndogo ya hatari. Hatari kubwa ni tatu: maumivu ambayo hayajapimwa hospitalini, mkono wa mdungaji asiyejua kuwa wewe ni mjamzito, na kile kifuko cha unga wa mitishamba unachokabidhiwa ukitoka mlangoni. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa kufuata hatari hizo, si kwa urahisi wake.

Akupancha ni nini hasa

Ni tiba ya kale ya Kichina ya kudunga sindano nyembamba kwenye sehemu maalum za mwili, zinazoitwa pointi. Orodha ya kawaida ina pointi 361. Sindano hizo hazina tundu na hazipitishi dawa. Nyingi zina unene wa kati ya milimita 0.16 na 0.30, ilhali sindano wanayokutolea damu kliniki inakaribia milimita 0.8. Zikishaingia huachwa dakika 20 hadi 30. Unahisi uzito, ganzi kidogo, au kama kitu kinatambaa ndani ya nyama. Ukisikia uchungu mkali, sema hapo hapo. Hakuna nishani ya kuvumilia.

Baadhi ya wataalamu wa fiziotherapia mjini hutumia sindano hizo hizo kulegeza mafundo ya misuli bila kufuata ramani ya Kichina. Kwa mjamzito tahadhari hazibadiliki.

Hatua ya 1: Anzia kliniki, na kitabu mkononi

Usipokuwa na kitabu cha mama na mtoto, hujafika kwenye hatua ya sindano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio yasiyopungua 8 katika ujauzito, la kwanza kabla wiki ya 12 haijapita. Kabla ya kudungwa uwe umepimwa presha, mkojo na damu, na uwe umepigwa skani inayoonyesha kondo la nyuma limekaa wapi.

Mbona nasisitiza hivi? Kwa sababu akupancha hutuliza dalili, na dalili ni mjumbe. Mgongo unaouma upande mmoja pamoja na homa unaweza kuwa maambukizi yaliyopanda hadi kwenye figo. Kichefuchefu na baridi ya mwili baada ya kutoka Kisumu au Pwani kinaweza kuwa malaria, hata kama Nairobi mbu wake hawaogopwi sana. Kichwa kinachogonga baada ya wiki ya 20 kinaweza kuwa presha ya mimba, ile inayozaa kifafa cha mimba. Hili la mwisho ndilo linalonitisha kuliko yote: mama amelala kwenye chumba chenye muziki laini, sindano ziko kichwani, presha inapanda, na hakuna aliyemfunga kile kitambaa cha mkononi.

Kwa hiyo kuna dalili ambazo hazipelekwi kwa mdunga sindano kabisa. Kutokwa na damu ukeni. Maji kutoka. Tumbo kukaza na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37. Kuumwa kichwa sana, kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla. Homa. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kuliko mwenzake. Mtoto kupunguza kucheza. Kutapika hata maji, na mkojo kuwa wa rangi ya chai. Hizo ni za hospitali, na ni za usiku huo huo. Pumwani, Mama Lucy Kibaki na Kenyatta hazifungi.

Wapo pia ambao hawana dalili hizo lakini wasidungwe mpaka daktari wao wa uzazi akubali: aliyeharibikiwa na mimba mara kwa mara, mwenye kondo lililokaa chini kwenye njia, aliyeshonwa shingo ya uzazi, aliyewahi kuzaa kabla ya wakati, mwenye pacha, mwenye presha, mwenye kifafa, na mwenye tatizo la damu kuganda au anayechomwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Ukimeza aspirini ndogo ya kuzuia presha ya mimba, usiiache ili udungwe. Mwambie tu mdungaji, maana utavilia damu kwa urahisi.

Daktari wako anaweza kucheka. Wangu alicheka. Ukimuuliza "Je, akupancha ni nzuri?" atakupa mhadhara au atapuuza. Muulize swali dogo: "Kuna chochote kwenye faili yangu kinachokataza nidungwe sindano?" Hilo anaweza kulijibu kwa dakika moja, na umwombe aliandike kwenye kitabu.

Hatua ya 2: Unataka kutibu nini?

Akupancha haina nguvu sawa kwa kila shida, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Maumivu ya kiuno na nyonga ndiyo yenye ushahidi wa kutia moyo. Mwaka 2005 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Sweden uliohusisha wajawazito 386 wenye maumivu ya nyonga. Waligawanywa mafungu matatu: huduma ya kawaida, huduma hiyo pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli, na huduma hiyo pamoja na akupancha. Baada ya wiki 6, waliodungwa ndio waliopata nafuu kubwa zaidi, na waliofanya mazoezi nao waliwapita wale wa huduma ya kawaida. Tazama jambo hilo la pili vizuri: mazoezi nayo yalisaidia, na mazoezi ni ya bei nafuu. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2016, linaweka akupancha kwenye kapu moja na fiziotherapia na mkanda wa kushikilia tumbo, na kumwachia mama achague.

Kichefuchefu cha miezi ya mwanzo pia kimo kwenye mapendekezo hayo, pamoja na tangawizi na vitamini B6. Australia walifanya utafiti, uliochapishwa mwaka 2002, kwa wanawake 593 waliokuwa chini ya wiki 14. Waliodungwa kila wiki walipungukiwa na kichefuchefu, na walipofuatiliwa hadi kujifungua, watoto wao hawakuonekana kuwa na tofauti mbaya na wengine. Lakini kwa kichefuchefu mimi singeanza na sindano. Pointi inayotumika sana, Neiguan au P6, iko mahali unapoweza kubonyeza mwenyewe: weka vidole vitatu vya mkono mwingine juu ya mstari wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanza, upande wa ndani, pale vidole vinapoishia, kati ya zile kano mbili, ndipo penyewe. Bonyeza kwa gumba dakika mbili tatu, mara kadhaa kwa siku. Ukiwa kwenye matatu inayonuka dizeli pale Globe Roundabout, utaishukuru.

Mtoto aliyetanguliza makalio ni habari nyingine. Hapa Wachina hawadungi sana; huwasha kijiti cha majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga na kukisogeza karibu na ukucha wa kidole kidogo cha mguu, bila kugusa ngozi. Unaweza kudhani ni mzaha. Mwaka 1998 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa China wa akina mama 260 wa mimba ya kwanza, walioanza wakiwa wiki ya 33. Kufikia wiki ya 35, watoto 98 kati ya 130 wa kundi la kijiti walikuwa wametanguliza kichwa, dhidi ya 62 kati ya 130 wa kundi lisilofukiziwa. Tafiti za baadaye kwingineko hazikutoa matokeo yanayong'aa hivyo zote. Kumbuka pia kwamba watoto wengi hugeuka wenyewe bila kufukiziwa. Hao 62 ni mashahidi. Ukilijaribu, iwe kwa idhini ya daktari, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya moshi (mwenye pumu asahau kabisa), na skani ifuate kabla ya kuamua lolote kuhusu kujifungua. Mwenye pacha, kondo lililotangulia, au kovu la upasuaji asijaribu peke yake nyumbani hata kama kijiti kinauzwa mtandaoni.

Kuleta uchungu wiki zikishafika? Ushahidi ni mwembamba, na hauonyeshi kwamba upasuaji hupungua. Kushusha presha, kutibu sukari ya mimba, "kusafisha damu", kuongeza damu mwilini? Hapana. Anayekuahidi hayo, muage kwa heshima.

Hatua ya 3: Tafuta mkono, si jengo

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataja tiba asili na tiba mbadala. Hata hivyo, cheti kilichotundikwa ukutani, hasa kilichoandikwa kwa lugha usiyoisoma, hakikulindi. Njia niliyoiona salama ni kuanza na mtu ambaye tayari ana leseni ya afya hapa Kenya, kisha kuuliza kuhusu mafunzo yake ya sindano. Daktari husajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC. Mtaalamu wa fiziotherapia ana baraza lake, lililotokana na sheria ya mwaka 2014. Muuguzi na mkunga wana lao. KMPDC huweka majina mtandaoni na unaweza kuyatafuta ukiwa umekaa kwenye kochi. Leseni ya kazi hutolewa kila mwaka, basi tazama ni ya mwaka huu.

Kabla ya kwenda, piga simu na uulize: mimba yangu ina wiki kadhaa, mmewahi kutibu wajawazito? Nani atanidunga, na ana usajili gani? Sindano ni za kutumika mara moja na kutupwa? Ni pointi gani mnaziepuka kwa mjamzito? Jibu la swali la mwisho usilichunguze sana. Sikiliza kama kuna jibu. Anayesema "hakuna haja ya kuepuka chochote" amekujibu vya kutosha.

Mimi nilikosea mara ya kwanza. Nilienda bila kupiga simu, ghorofa ya tatu ya jengo moja ambalo sitalitaja. Nilikuwa nimevaa dera pana na mhudumu hakuniuliza kama nina mimba. Bwana aliyeingia alinitazama ulimi, akashika mkono, akasema nina "baridi ndani", akaanza kufungua droo ya vifuko vya unga. Nilipomwambia nina wiki 28 alisita, kisha akatabasamu na kusema hakuna shida, atapunguza kipimo. Kipimo cha nini, hakusema. Nilishuka zile ngazi kwa makalio, moja moja, lakini nilishuka.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Kula kwanza. Mtu akidungwa akiwa na njaa huzirai kwa urahisi, na mjamzito zaidi. Chai na mkate vinatosha, usijaze tumbo. Nenda msalani kabla ya kulala kitandani, kwa sababu dakika 30 na kibofu cha mimba haviivi chungu kimoja. Vaa nguo inayopanda hadi magotini na mikono inayokunjika. Usipange siku ya foleni. Kukaa saa mbili kwenye gari Mombasa Road baada ya tiba ya kiuno ni kumwaga maji kwenye gunia. Nenda na mtu mara ya kwanza.

Ukifika, rudia: nina mimba ya wiki kadhaa. Sema kwa sauti hata kama uliandika kwenye fomu. Onyesha kitabu.

Kisha tazama mikono. Anawe au apake dawa ya kuua vijidudu. Kila pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako, ikiwa na tarehe ambayo haijapita. Sindano iliyotolewa kwenye kikombe cha spiriti hairuhusiwi kukugusa. Virusi vya homa ya ini aina ya B vimewahi kusambazwa hivyo katika nchi mbalimbali. Hesabu sindano zinapoingia na uhesabu zinapotoka. Si kumkosea adabu. Sindano iliyosahaulika nyuma ya goti imewahi kuwarudisha watu kutoka mlangoni. Zilizotumika ziende kwenye lile boksi gumu la vitu vyenye ncha, si kwenye pipa la karatasi.

Kuhusu kulala: baada ya wiki ya 20 usilale chali kwa muda mrefu. Mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, presha inashuka, unaanza kutoka jasho na kizunguzungu, na damu inayomfikia mtoto hupungua. Lala kwa ubavu, wa kushoto ukiweza, mto kati ya magoti na mwingine chini ya tumbo. Au keti. Mdungaji mzoefu wa wajawazito ataleta mito bila kuombwa. Hiyo kwangu ni dalili nzuri kuliko vyeti vitatu.

Pointi zinazokatazwa kimapokeo ni hizi, na unaweza kuzitaja kwa namba zake ambazo wadungaji wote huzijua: LI4, iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada; SP6, upana wa vidole vinne juu ya kifundo cha ndani cha mguu; BL60, nyuma ya kifundo cha nje; BL67, kwenye kidole kidogo cha mguu, ile ile ya kijiti cha mtoto; GB21, juu ya bega. Ongeza tumbo la chini na sehemu ya mwisho ya uti wa mgongo. Wapo watafiti wanaosema marufuku hayo yamesimama juu ya mapokeo kuliko ushahidi, na huko Korea Kusini uchunguzi wa rekodi za bima za wajawazito zaidi ya 20,000, uliochapishwa mwaka 2020, haukuona akupancha ikiongeza kuzaa kabla ya wakati wala mtoto kufia tumboni. Mimi nasema hivi: ukiwa na pointi 361, za nini kung'ang'ania hizo chache kabla ya wiki ya 37?

Kataa umeme kwenye sindano. Kataa vikombe vya kuvuta ngozi tumboni na kiunoni. Kataa sindano ndefu za mgongoni juu na kifuani, kwa sababu mojawapo ya ajali mbaya zaidi za akupancha, ingawa ni nadra, ni kutobolewa kwa utando wa mapafu. Mara ya kwanza sindano ziwe chache, na mtu asiondoke ukakaa peke yako bila kengele au simu.

Hatua ya 5: Ukishatoka

Keti dakika kumi. Inuka kwa ubavu, usikurupuke. Usiendeshe gari mara moja, na bodaboda siku hiyo iache ipite. Alama ya kuvilia, tone la damu, usingizi mzito jioni hiyo, hata maumivu kuzidi kidogo kwa siku moja, ni mambo ya kawaida. Damu ukeni, tumbo kukaza, maji, homa, kukosa pumzi, au jeraha linalotoa usaha si ya kawaida: hospitali, na uwaambie wazi kuwa ulidungwa, na wapi. Wengi huficha kwa aibu, na daktari anabaki akibahatisha.

Andika alama ya maumivu kutoka 0 hadi 10 kila jioni. Wale wa Sweden walidungwa mara mbili kwa wiki kwa wiki 6. Kwa mfuko wangu nilijiwekea mpaka wa mara nne: alama isiposhuka hata mbili, naacha. Mpaka kama huo unakusaidia kukataa ofa ya kulipia vikao kumi mapema kwa M-Pesa. Lipa kila ukienda. Ukitegemea SHA au bima ya kazini, uliza kwa maandishi kabla, usibahatishe kwenye kaunta.

Unga na vidonge vya mitishamba

Hapa sina upole. Kukubali sindano si kukubali dawa ya kumeza. Miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliotumia mitishamba ya Kichina ya kupunguza unene waliharibikiwa na figo kwa sababu mmea mmoja wenye sumu ya asidi ya aristolokia uliingia kwenye mchanganyiko. Hawakuwa hata wajawazito wanaotafuta nafuu, walitaka kupungua. Kifuko kisicho na majina ya mimea unayoweza kumsomea mfamasia wako usikilipie, hata ukiambiwa ni bure na ni "asili tu". Odowa, yale mawe laini ambayo wajawazito hutafuna, nayo ni asili.

Na usipopata mkono wa kuamini

Mkanda wa kushikilia nyonga, mto kati ya magoti usiku, kuvaa suruali ukiwa umekaa, kuingia garini kwa kuketi kwanza kisha kuzungusha miguu yote miwili pamoja, na mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali yako. Nilianza hayo siku ile ile niliyoshuka zile ngazi, na yalinibeba wiki mbili mpaka nikapata mama mmoja wa fiziotherapia aliyesomea pia akupancha. Aliniuliza kuhusu mimba kabla sijaketi. Alinidunga sindano sita, zote mbali na tumbo, nikiwa nimelala ubavu na mito minne. Alama yangu ilikuwa 8 nilipoanza. Baada ya kikao cha nne ilikuwa 4. Sikuweza kusema ni sindano, ni mkanda, au ni vyote. Mamangu alipokuja kuniona aliomba aonyeshwe sindano yenyewe, nikampa picha kwenye simu. Akaivuta picha kwa vidole viwili, akatafuta tundu, hakuliona, akanirudishia simu na kuuliza kama nimekunywa uji.